Mitokondria, ugonjwa na ukoo wa mama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya Douglas Wallace

Ninafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita mkoani Morogoro. Kila mwaka tukifika kwenye upumuaji wa seli mikono hunyooshwa na maswali yale yale hurudi. Nikitoka darasani, ndugu na majirani wananiongezea yao, na mengi ya hayo yana uchungu ndani yake. Nimeyakusanya hapa kuanzia mepesi. Nimeyaegemeza kwenye kazi ya Mmarekani Douglas C. Wallace, kwa sababu ukifuata maisha yake ya utafiti unaona hatua kwa hatua jinsi ilivyojulikana kwamba upungufu wa nguvu ndani ya seli unaweza kumpofusha kijana mwenye afya tele.

## Mambo ya msingi

Mitokondria ni nini hasa?

Ni vijisehemu vilivyomo ndani ya karibu kila seli ya mwili. Humo ndimo chakula ulichokula na oksijeni uliyovuta hukutana, nguvu ikatoka. Chembe nyekundu za damu zikishakomaa hazina mitokondria hata moja. Seli za moyo, misuli, ubongo na macho zimejaa tele, na ndizo zinazoumia kwanza mambo yakiharibika.

Nguvu hiyo hubebwa na molekuli iitwayo ATP. Kwa siku moja mwili hutengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wa mtu mwenyewe, kwa kuwa molekuli zile zile hutumika tena na tena. Jina mitokondria lilitolewa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje, maana ndivyo alivyoviona chini ya hadubini.

Kwa nini zina DNA yao wenyewe, wakati tunafundishwa kwamba DNA iko kwenye kiini?

Kwa sababu zamani sana zilikuwa bakteria walioishi kivyao, kisha wakaingia ndani ya seli nyingine na kulowea humo. Mwanabiolojia Mmarekani Lynn Margulis alilitetea wazo hilo mwaka 1967 wakati wengi walilikataa. Miaka minne kabla yake, Margit na Sylvan Nass wa Stockholm walikuwa wameziona nyuzi za DNA ndani ya mitokondria zenyewe.

Mwaka 1981 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliisoma DNA ya mitokondria ya binadamu mwanzo hadi mwisho: mduara wa herufi 16,569 (DNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T) wenye jeni 37. Ukiilinganisha na herufi bilioni tatu za kiini, ni kama ukurasa mmoja kando ya maktaba. Lakini jeni 13 kati ya hizo huagiza protini zilizomo moja kwa moja kwenye mtambo wa nguvu, na zile 24 zilizobaki kazi yake ni kusaidia hizo 13 zitengenezwe. Huwezi kuchezea hata mstari mmoja wa ukurasa huo.

Huu ubakteria wa asili uushike. Tutauhitaji kwenye swali la sindano na masikio.

Douglas Wallace ni nani?

Alizaliwa mwaka 1946 huko Maryland, akasoma Cornell, kisha akapata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1975. Alifundisha Stanford, akahamia Emory mjini Atlanta mwaka 1983, Irvine huko California mwaka 2002, na mwaka 2010 akaanzisha kituo cha tiba ya mitokondria kwenye hospitali ya watoto ya Philadelphia. Vyuo vilibadilika, swali halikubadilika: ugonjwa unaanzaje pale nguvu inapopungua? Nusu karne kwenye swali moja. Wanafunzi wangu hutaka kujua kama hakuchoka, nami huwajibu kwamba mtu hachoki na jambo linalompa jibu jipya kila miaka mitano.

## Utafiti wenyewe

Alianzia wapi?

Alianza na jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alione kwa macho ya akili. Yeye na wenzake wa Yale, Bunn na Eisenstadt, walikuwa na seli za HeLa, zile zilizotokana na Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi aliyefariki mwaka 1951. Baadhi ya seli hizo zilikuwa zimepata usugu dhidi ya kloramfenikoli, dawa inayozuia mitokondria kutengeneza protini. Swali lilikuwa: usugu huo umekaa kwenye kiini au nje yake?

Waliziloweka seli katika dawa inayolegeza umbo lake, wakazizungusha kwa kasi kubwa mpaka kiini kikachomoka. Kilichobaki ni kifuko cha sitoplazimu, yaani ujiuji unaozunguka kiini, chenye mitokondria bila kiini. Wakakiunganisha kifuko hicho na seli nyingine nzima, isiyo na usugu, kisha wakaitia kloramfenikoli. Ikaendelea kuishi! Kiini ni kile kile cha zamani, ila tabia imebadilika, na kilichoingia ni sitoplazimu peke yake. Hapo ikadhihirika, mwaka 1975, kwamba sifa ya seli ya binadamu inaweza kurithishwa kupitia sitoplazimu. Seli hizo za kuungwa huitwa saibridi, na hadi leo ndizo zinazotumika kuamua kama kosa liko kwenye mitokondria au kwenye kiini.

Walijuaje kwamba tunairithi kwa mama tu?

Mwaka 1980 Wallace, akiwa na Giles, Blanc na Cann, walichukua DNA ya mitokondria kutoka kwa watu wa familia zinazojulikana, wakaikata kwa vimeng'enya ambavyo kila kimoja hukata penye mpangilio fulani wa herufi. DNA zikitofautiana, vipande vinavyopatikana hutofautiana urefu. Walipolinganisha, watoto walikuwa na vipande kama vya mama, na vya baba havikuonekana kwao.

Sababu ni kwamba yai hubeba nakala laki moja na zaidi za DNA hiyo. Mbegu ya kiume huingia na chache mno, na hata hizo huwekewa alama na kuvunjwa ndani ya yai.

Huku kwetu somo hili huwa rahisi kuliko vitabu vinavyodhani. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamume ni wa ukoo wa mama yake maisha yake yote, ila watoto wake ni wa ukoo wa mke wake. Mwaka mmoja msichana wa kidato cha sita alikuja ubaoni, akafuta mchoro wangu, akachora ukoo wa bibi yake mzaa mama kwa chaki: mabinti wanaendelea kushuka, wavulana wanaishia hapo walipo. Kisha akaandika juu yake "mitokondria". Sijawahi kuufundisha vizuri zaidi ya alivyofanya yeye.

Ni ugonjwa gani wa kwanza kuthibitika?

Mwaka 1988 ndio uliofungua mlango, na Wallace hakuwa peke yake. Huko London, Holt, Harding na Morgan-Hughes walitangulia kwa miezi kadhaa kuonyesha kwamba wagonjwa fulani wa misuli wana DNA ya mitokondria iliyopungua vipande vizima. Mwishoni mwa mwaka kundi la Wallace likatangaza kosa la herufi moja tu.

Ugonjwa ulikuwa ule wa Leber, ulioelezwa na daktari Mjerumani Theodor Leber mwaka 1871. Kijana, mara nyingi wa kiume, huanza kuona doa katikati ya jicho moja. Baada ya wiki au miezi, jicho la pili hufuata. Hasikii maumivu, hana homa, na anachotazama moja kwa moja hakioni tena. Ilijulikana zamani kwamba unashuka kukeni, lakini chanzo hakikujulikana.

Kosa lilikuwa kwenye herufi ya 11,778: G imekuwa A. Kwa badiliko hilo, katika protini mojawapo ya mtambo wa nguvu, asidi amino ya 340, yaani tofali moja la protini hiyo, inageuka kutoka arjinini kuwa histidini. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha hadi leo. Badiliko hilo hilo lilifuta sehemu ambayo kimeng'enya fulani hukata. Kwa hiyo kipimo kilipatikana papo hapo: chukua damu, tia kimeng'enya, tazama. DNA ya mtu asiye na kosa inakatika pale, ya mwenye kosa haikatiki.

Kwa nini ndugu wa tumbo moja wanaumwa tofauti?

Kwa sababu seli moja ina mamia au maelfu ya nakala za DNA hii, na si lazima zote zifanane. Mchanganyiko wa nzima na mbovu huitwa heteroplasmi. Mayai yanapotengenezwa, kila yai huchukua fungu lake kwa bahati. Fikiria mama anayechota kwenye gunia la maharage lenye pumba: kikombe hiki kina pumba kidogo, kile kimejaa.

Mfano mzuri ni kosa la herufi ya 3,243. Wallace na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba nakala mbovu zikiwa asilimia 10 hadi 30 mtu anaweza kupata kisukari, zikiwa 50 hadi 90 hupata magonjwa mazito ya misuli na ubongo, na zikikaribia 100 mtoto hufariki mchanga. Herufi ni ile ile. Mama, mjomba na mtoto wanaweza kutibiwa kwa madaktari watatu wa idara tatu tofauti, bila yeyote kujua kwamba ugonjwa ni mmoja.

Hata hivyo, kosa la Leber lina fumbo lake. Wengi wana nakala mbovu kwa ukamilifu na bado baadhi yao hawapofuki kamwe, hasa wanawake.

## Afrika katika utafiti huu

Ni kweli alichunguza vinasaba vya watu wa Kongo?

Ndiyo. Kwa kuwa DNA hii hushuka kwa mama bila kuchanganywa, mabadiliko yake madogo hubaki kama alama za njia za watu. Mwaka 1995 kundi lake lilichapisha uchunguzi wa Waafrika 140 kutoka Senegali, Jamhuri ya Afrika ya Kati na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Walikuta ukoo mkubwa wa mama waliouita L, wa Kiafrika na wa kale kuliko koo zote za mabara mengine. Kabla yake, mwaka 1987, Cann, Stoneking na Wilson walikuwa wamehitimisha kwamba DNA hii kwa binadamu wote inatokana na mama mmoja, na kwamba mizizi yake iko Afrika. Uchunguzi wa mwaka 2007 uliohusisha makabila ya Tanzania nao ukakuta huku kwetu koo za mama za kale sana.

Basi huyo mama wa wote ndiye Hawa wa maandiko?

Waandishi wa habari walimpa jina hilo, na limeleta kelele nyingi kuliko faida. Huyo mama hakuwa mwanamke peke yake duniani. Aliishi miongoni mwa wanawake wengine, ila mistari yao ya mama-kwa-binti ilikatika njiani, kama ukoo wa Kiluguru unavyokatika pale mama wa mwisho anapozaa wavulana watupu. Imani ya mtu haiguswi na jambo hili.

## Dawa, chakula na upofu wa huku kwetu

Vijana waliopofuka Dar es Salaam walikuwa na ugonjwa wa Leber?

Swali hili linaniuma, kwa kuwa watu wengi hawajui hata kwamba jambo hilo lilitokea. Tangu mwaka 1988 madaktari wa macho walianza kupokea vijana wa Dar es Salaam waliofifia uoni wa katikati macho yote mawili. Wengine walikuwa na ganzi miguuni na masikio mazito. Kwa sura, ugonjwa huo unafanana mno na ule wa Leber.

Miaka michache baadaye, 1991 hadi 1993, Cuba ikapata mlipuko wa namna hiyo uliowapata watu zaidi ya 50,000. Kundi la Wallace lilipima wagonjwa wa Cuba na mwaka 1994 likatoa jibu: makosa ya DNA ya Leber hayakuwa chanzo. Mkazo ukarudi kwenye lishe. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliuhusisha ugonjwa na upungufu wa foleti, vitamini ya mboga za majani na kunde, pamoja na moshi wa ndani ya nyumba.

Kufanana kwake kuna sababu. Nyuzi za neva ya jicho ni nyembamba na zinahitaji nguvu nyingi. Umnyime mtu nguvu kwa kosa la kurithi, kwa njaa ya vitamini au kwa sumu, zinazokufa kwanza ni zile zile.

Inasemekana ARV za zamani ziliharibu mitokondria. Je, za sasa?

Za zamani, ndiyo. Stavudini, ambayo wengi walimeza miaka ya 2000, ilizuia virusi kujinakili, lakini ilizuia pia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Wanaokumbuka watakwambia: miguu kuwaka moto usiku, mashavu kuingia ndani, na kwa wachache asidi ya laktiki kupanda hadi kuhatarisha maisha. Watu walisema "dawa zinawamaliza", kumbe mitambo ya nguvu ndiyo iliyokuwa ikipungua. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe taratibu.

Tenofovia na lamivudini zilizomo kwenye kidonge cha siku hizi hazikigusi kimeng'enya hicho kwa kiasi cha kufananishwa. Usiache dawa kwa sababu ya habari za stavudini. Na dawa hizo za zamani, pamoja na mateso yake, ndizo zilizowafikisha wengi hadi leo.

Kwa nini mtu mmoja anachomwa sindano ya jentamaisini anapona, mwingine anakuwa kiziwi?

Dozi kubwa au figo mbovu zinaweza kumfanya mtu yeyote apoteze usikivu. Lakini wapo wanaopoteza hata kwa dozi ya kawaida, na mwaka 1993 chanzo kilipatikana: badiliko la herufi ya 1,555 kwenye DNA ya mitokondria.

Jentamaisini na streptomaisini huua bakteria kwa kushika ribosomu zao, yaani viwanda vya protini. Mitokondria zina asili ya bakteria, na badiliko hilo huzifanya ribosomu zake zifanane zaidi na za bakteria. Dawa haitofautishi tena rafiki na adui. Ukiwa na mjomba, mama au ndugu wa kukeni aliyepoteza usikivu baada ya sindano, mwambie daktari kabla hujachomwa. Sentensi hiyo moja inatosha kumfanya achague dawa nyingine.

Muhogo mchungu unaingiaje hapa?

Muhogo mchungu usioondolewa sumu hutoa sianidi, na sianidi huziba hatua ya mwisho kabisa ya mtambo wa nguvu, pale oksijeni inapotumika. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu yote miwili ghafla na moja kwa moja, ulielezwa Kongo mwaka 1938 na ulilipuka Tarime mwaka 1985. Hupata watu wanaokula muhogo huo wiki kwa wiki bila protini ya kutosha, kwa kuwa mwili huhitaji salfa ya protini kuiondoa sianidi. Walioumia zaidi ni watoto na wanawake. Kuloweka siku kadhaa na kuanika vizuri ni maarifa ya bibi zetu. Huachwa pale njaa inapomlazimisha mama kukatisha siku.

## Maswali magumu

Kila ugonjwa wa mitokondria hutoka kwa mama?

Hapana. Mitokondria inahitaji protini zaidi ya 1,000, na ni 13 tu zinazoagizwa na DNA yake. Nyingine zote ziko kwenye kiini na hurithiwa kwa baba na mama. Kwa mfano, mtu anaweza kurithi kwa wazazi wote jeni mbovu ya kile kimeng'enya cha kunakili kilichotajwa kwenye swali la ARV. Mgonjwa huyo akipewa valproeti kwa ajili ya kifafa, ini linaweza kufa.

Hakuna hata mtu mmoja aliyeipata kwa baba?

Yupo. Mwaka 2002 madaktari wa Denmark walieleza mwanamume mwenye udhaifu wa misuli ambaye DNA nyingi ya mitokondria kwenye misuli yake ilitoka kwa baba. Kisa hicho ni nadra mno, na ushauri wa familia hautolewi kwa kukitegemea.

Je, Wallace hakuwahi kupingwa?

Amepingwa sana. Aliposema kwamba baridi iliteua koo fulani za mitokondria kwa sababu zinatoa joto zaidi, wengine walichambua takwimu zile zile wakaona bahati ya kawaida. Anaposema kwamba kisukari, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na uzee wenyewe vina mzizi kwenye nguvu, wengi humkubalia nusu: mitokondria hudhoofika, sawa, lakini huenda ni matokeo.

Ninachomheshimia ni ukali wake hata kwa habari inayomfaa. Mwaka 1997 watafiti wengine walitangaza kwamba wamepata makosa ya mitokondria kwa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Habari hiyo ingempendeza mno. Kundi lake lilichunguza na kuonyesha kwamba herufi hizo zilitoka kwenye vipande vya kale vya DNA ya mitokondria vilivyohamia kwenye kiini zamani, vikachanganya kipimo.

"Mtoto wa wazazi watatu" ni kweli?

Uingereza iliruhusu kisheria mwaka 2015. Kiini cha yai la mama huhamishiwa kwenye yai la mwanamke mwingine mwenye mitokondria nzima. Julai 2025 timu ya Newcastle ilitangaza watoto wanane waliozaliwa hivyo. Mchango wa mwanamke yule ni jeni 37 kati ya takriban 20,000. Sura, kimo na rangi hutoka kwa wazazi wawili.

Mama yangu anasema upofu wa wanetu umeletwa na mke wangu. Nimjibuje?

Nimeulizwa hivi na mwanamume aliyekaa kibarazani kwangu hadi magharibi, akiwa na wanawe wawili wa kiume wenye dalili za Leber. Nyumbani kulikuwa kumeshatajwa uchawi, kisha talaka.

Mjibu hivi: DNA imepitia kwa mke wangu, kosa si lake. Aliipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, na huenda yeye mwenyewe anaona vizuri na hakuwa na njia ya kujua. Wavulana hao wakioa, watoto wao hawatarithi. Anayehitaji ushauri kabla ya kuzaa ni binti yao, kama wanaye, na mabinti wa dada zake.

Wenye kosa hili ambao bado wanaona waache sigara leo, na pombe nyingi pia, kwa maana uvutaji umehusishwa wazi na kupofuka kwao. Ulaya dawa ya idebenoni iliruhusiwa mwaka 2015. Huwasaidia baadhi kurudisha sehemu ya uoni.

Na mnapokwenda kwa daktari wa macho, nendeni na karatasi. Juu kabisa muandike bibi mzaa mama, chini yake wanawe wote, kisha watoto wa mabinti zake. Aliyepofuka ujanani mweke alama, hata kama ni mjomba aliyefariki na watu husema alirogwa.